Nyembe Arobaini

Kaka yangu ni dalali. Anaweza kukuuzia nyumba yenye ufa huku akikusifia upepo unaopita kwenye huo ufa. Mimi ni kinyozi. Nimenyoa vichwa miaka tisa katika saluni ya marehemu baba, mitatu ya mwisho baba mwenyewe akiwa hajiwezi. Miaka yote hiyo kaka alikuja kunyolewa tu, tena bure. Baba alipozikwa, hata machozi hayajakauka, kaka akaja na muuza simu mmoja, anapima kuta zetu kwa hatua.

"Mimi ndiye mkubwa," aliniambia. "Tunauza, tunagawana, yamekwisha."

"Hatuuzi. Na hayajaanza."

Baba hakuacha wosia. Ukoo ukampa baba mdogo, fundi saa, kazi ya kutuamua, naye kelele zetu zikamchosha. Kaka ndiye aliyeleta wazo la poka. Baba alitufundisha sote wawili pale pale saluni, siku ambazo wateja ni haba, na tangu utotoni kaka alikuwa akinishinda kwa mikwara. Anaweka dau kubwa akiwa hana kitu, ananikazia macho, nami natupa karata zangu nzuri kwa woga. Alikumbuka hilo. Nilikubali kwa sababu bila poka ukoo ungempa mkubwa, na mkubwa ni yeye.

"Atakayeshinda, saluni yake," alisema baba mdogo. "Nitaandika, mtasaini."

Mchana ule nilifunga mlango, nikafunika vioo vyote vitatu kwa yale mashuka tunayowafunga wateja shingoni, asije mtu akachungulia karata za mwenzake. Badala ya pesa, kila mmoja alipewa nyembe arobaini mpya, kila wembe ndani ya karatasi yake. Atakayeishiwa, amekwisha. Baba mdogo akagawa karata.

Kwa saa nzima nilitupa tu. Nikiwa sina kitu, natupa. Nikiwa na kitu kidogo, natupa. Kaka akawa anachota nyembe zangu mbili mbili, meno nje.

"Mdogo wangu, unacheza au unafagia?"

Nikatupa tena. Nilitaka anizoee hivyo, aone bado ni yule mtoto wake wa zamani.

Nilipobaki na nyembe kumi na nane, zikaniingia karata. Kaka akaweka nyembe sita. Nikasukuma zangu zote. Akaniangalia, akaangalia nyembe, akacheka mpaka kiti kikalia.

"Umechoka, sasa unajilipua! Mikwara nilikufundisha mimi." Akatimiza na yeye kumi na nane, akalaza jozi ya wafalme.

Nikalaza zangu moja moja. Kumi ya kopa. Kumi ya shupaza. Kumi ya uru. Tatu zinazofanana hula jozi.

Cheko likakatika. Kuanzia hapo akacheza kwa pupa, anataka kurudisha zote kwa mkupuo, na mtu wa namna hiyo humfukuzi, unamsubiri. Haikupita nusu saa nyembe zote themanini zikawa upande wangu.

"Haya," akasema, akinyoosha shati. "Tumecheza, tumefurahi. Sasa tuongee kama watu wazima. Mali ya baba haiamuliwi kwa nyembe."

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliye..." baba mdogo akaanza.

"Baba mdogo, ukoo gani utakubali hilo? Utajiaibisha bure."

Baba mdogo akainamisha kichwa. Kalamu ikabaki mfukoni. Nikaona saluni inaondoka mbele ya macho yangu, na mimi nimeshinda! Moto ukanipanda mpaka utosini.

Nikaenda kwenye droo ya vitana, nikatoa bahasha ya kaki iliyozungushiwa utepe wa gundi. Juu yake baba aliandika kwa mkono wake: *Binti yangu, itunze hii.* Ndani mlikuwa na karatasi ya dhamana ya mashine ya kunyolea, iliyokwisha muda wake miaka sita iliyopita. Baba hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Nikaiweka mezani, juu ya karata.

"Mwandiko wa nani huu?"

Kaka akainama akausoma. "Wa baba."

"Tuifungue mbele ya ukoo mzima, tuisome neno kwa neno, halafu kila mtu abebe kilicho chake. Au saini sasa hivi, bahasha irudi ilikotoka."

Kuna kiwanja cha baba ambacho kaka alikiuza kwa siri baba akiwa wodini. Mimi nilijua. Kaka hakuwa na hakika kama baba naye alijua.

Akanikazia macho, yale yale ya utotoni. "Unanigeresha."

"Fungua basi."

Sikuongeza neno. Wenye mikwara huponzwa na kuongeza maneno, na kaka alikuwa akisubiri niongeze. Nikashika mgongo wa kiti cha wateja, nikamtazama usoni bila kupepesa. Hofu nilikuwa nayo, tena tele, lakini siku ile sikuwa tayari kumwachia.

Akagusa gundi kwa ukucha. Akaibandua kidogo pembeni.

Kaka akamtazama baba mdogo, akanitazama mimi, akatazama karata zilizokuwa zinachungulia chini ya bahasha, nadhani akizikumbuka zile kumi tatu. Akatoa mkono.

"Lete hiyo kalamu."

Baba mdogo aliandika haraka kuliko nilivyowahi kumwona akifanya jambo lolote. Kaka akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Nikasaini. Baba mdogo akasaini kama shahidi, akaikunja nakala yangu, akanipa kwa mikono miwili.

Mlangoni kaka akageuka. Sauti ilikuwa imemshuka kabisa.

"Nimeshasaini, mdogo wangu. Sasa niambie, mzee aliandika nini mle?"

Nikairudisha bahasha kwenye droo, nikapiga ufunguo.

"Umetupa karata, kaka. Ukitupa, huonyeshwi."