Siku Ambazo Mkono Hunyanyuka

Mlango ulimwangukia bega la kulia saa tatu asubuhi, mbele ya watu wanne, na katika wanne hao hakuna aliyewahi kubisha kwamba ulimwangukia. Ubishi ulikuja baadaye, tena kwa jambo lingine kabisa.

Alikuwa dobi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa mbele wa nyumba yao, dirisha likitazama barabara: meza ndefu iliyofunikwa blanketi, pasi mbili za umeme, na bomba la chuma lililopita juu ya ukuta kwa ajili ya kutundika nguo zilizo tayari. Siku hiyo alikuwa amekwenda duka la jumla kununua sabuni na wanga wa kukazia kola. Mlango wa duka hilo ulikuwa wa chuma, wa kujikunja kwenda juu, na springi yake ilikatika mwezi mzima kabla. Mwenye duka alijua. Fundi alimwambia afunge duka siku moja tu mlango utengenezwe, naye akaona siku moja ni nyingi, akaufunga juu kwa waya na kuendelea kuuza. Waya uliachia Mama Pasi akiwa anapita chini yake. Angechelewa nusu hatua, ungemshukia utosini.

Hospitalini daktari wa zamu aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Bahati yako, mama. Mifupa yote mizima."

"Mbona nasikia kama bega linararuka?"

"Kwa sababu kweli limeraruka. Kilichoumia ni nyama za ndani, misuli na zile kano zinazolishika bega. Hizo hazionekani kwenye picha hii. Zitakusumbua kwa miezi. Kuna siku utajiona umepona kabisa, halafu kesho yake hata blauzi huwezi kuvaa. Ndivyo zilivyo. Ila mkono usiuache ukalala tu. Uzoeze taratibu."

Mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole asiyejua kugombana hata na tairi, alikwenda kuzungumza na mwenye duka. Hakukaa sana. Alirudi, akaketi, akasema alichoambiwa kama kilivyo.

"Ameniuliza, mfupa umevunjika? Nikasema haujavunjika. Akasema, sasa mimi nilipe nini? Maumivu? Maumivu nitayaonea wapi?"

Ndipo wakatafuta wakili. Alikuwa binti wa rika la mtoto wao wa kwanza, ofisi yake juu ya duka la dawa, viti viwili na feni moja iliyolalamika kila inapogeuka. Alisikiliza bila kuandika, kisha akaandika bila kusikiliza, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, mambo ya kuthibitisha ni mawili. La kwanza ni uzembe: mwenye duka alijua mlango ni mbovu na akauacha juu ya vichwa vya watu. Hilo tunalo, fundi atasema. La pili ni kwamba umeumia." Akalitazama bega. "Hilo liko ndani ya nyama. Duka lile lina bima, na watu wa bima hawapendi kitu wasichokiona. Kwa hiyo nakuomba neno moja. Sema kweli tu. Usipunguze, usitie chumvi."

Mama Pasi aliitikia. Wakati huo hakuona ugumu wowote katika neno hilo.

Wiki ya tatu baada ya barua ya wakili kupelekwa, aliamka Jumamosi bega likiwa jepesi. Alilijaribu kitandani, akalijaribu tena bafuni, akacheka peke yake. Akatoka nje na beseni la nguo, akashika shuka jeupe la mteja kwa mikono yote miwili, akalirusha juu ya kamba. Alikuwa anabana kibanio cha pili alipomwona mwanamume mmoja ng'ambo ya barabara, mwenye kofia ya kijivu, kaegemea pikipiki yenye kiti chekundu. Ameshika simu kifuani. Haongei nayo. Aliitazama simu, akamtazama Mama Pasi, akaitia simu mfukoni kama mtu aliyemaliza kazi, akawasha pikipiki akaenda zake.

Amenipiga picha, aliwaza. Mikono bado ilikuwa juu, na aliiona yote miwili, minene, mizima, imenyooka mbele ya dunia nzima. Akaishusha. Shuka likamfuata chini, likaanguka kwenye tope.

Jioni ile alimweleza mumewe, na kwa bahati mbaya shemeji yake alikuwepo. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, aliyepachikwa jina la Mjuaji kwa sababu aliwahi kuwa tarishi wa mahakama kwa miezi tisa na tangu hapo hakuna sheria iliyompita.

"Shemeji, umekwisha," alisema Mjuaji.

"Nimekwisha vipi?"

"Huyo ni mtu wa bima. Amekupiga picha. Unadai mkono haufanyi kazi, na wewe huyo unaanika mashuka kama mchezaji wa mpira wa wavu."

"Sijasema haufanyi kazi! Nimesema unauma. Leo ulikuwa afadhali."

"Picha haina leo wala jana. Mimi nimewaona kwa macho yangu, watu wanapandishwa kizimbani kwa kuidanganya bima. Wanaingia wanadai, wanatoka na pingu."

"Acha kumtisha mwenzako," alisema mumewe.

"Simtishi, namwokoa. Kuanzia leo mkono huo usionekane ukinyanyuka. Ufunge." Kesho yake alikuja na kitambaa cha buluu chenye mkanda wa shingoni, cha kubebea mkono ulioumia. Akakifunga mwenyewe, akarudi nyuma kukitazama, akaridhika.

Kumwambia wakili, Mama Pasi aliona aibu. Angeanzaje? Kwamba siku moja alijisikia nafuu?

Basi akaanza maisha ya kujificha ndani ya nyumba yake. Pazia la chumba cha kazi, ambalo kwa miaka lilikuwa limefungwa fundo pembeni, sasa lilishushwa asubuhi hadi jioni. Alipiga pasi kwa mkono wa kushoto, katika joto lisilosemeka, akiunguza kola alizozijua kwa miaka kumi. Akitoka kwenda dukani, alitembea ameinamisha bega kama anayebeba ndoo. Mteja akimpungia kutoka mbali, mkono wa kulia ulishtuka ndani ya kitambaa ukitaka kuitikia, naye aliuzuia kwa wa kushoto. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilimrusha roho. Akawa anazihesabu bila kutaka: hii imepita, hii imepita, hii imesimama. Iliyosimama ilikuwa ya muuza maziwa.

Kilichomtisha kuliko vyote hakuwahi kumwambia mtu. Asubuhi nyingine alipokivua kitambaa ili aoge, aliomba Mungu bega liume. Likiuma sana, alipata amani. Lisipouma, aliogopa.

"Mke wangu, hii sasa ni nini?" mumewe alimwuliza siku moja, akimfunga vifungo vya gauni.

"Kesi ikiisha nitakivua."

"Ulikuwa unaunyanyua hadi hapa. Siku hizi hata hapa haufiki."

"Si ndiyo vizuri?" alisema, na baada ya kusema akajisikia vibaya, lakini neno lilikuwa limekwishatoka.

Wiki ya saba tangu afungwe kitambaa, mwanamume mmoja aliingia chumba cha kazi, kapiga hodi, kasalimu vizuri, na koti la suti mkononi. Hakuwa na kofia. Mama Pasi alilipokea koti, akaanza kulikagua kola, na kupitia upenyo wa pazia akaona kiti chekundu.

Pasi ilikuwa mezani inafuka, akasahau kuisimamisha mpaka akanusa blanketi likiungua.

"Linahitaji kunyooshwa tu, mama," alisema yule mtu. "Ila naomba ulitundike pale juu sasa hivi. Lisije likapata mikunjo mingine."

"Nitalitundika baadaye."

"Ni hapo tu. Mara moja."

Mfuko wake wa shati ulikuwa na simu, imechungulia nusu, jicho lake la kamera likitazama nje. Mama Pasi aliliona hilo jicho na hakuona kingine chumbani. Akachukua koti kwa mkono wa kushoto, akajinyoosha juu ya vidole vya miguu. Tundikio likagonga bomba, likateleza, likagonga tena. Koti likaanguka.

Mtu yule aliliokota mwenyewe, akalitundika mwenyewe.

"Pole sana, mama," alisema kwa upole, akatoka.

Upole ule ulimwogofya kuliko ukali. Alifunga mlango kwa komeo, akakaa sakafuni nyuma ya meza, hakufungua mpaka mumewe aliporudi.

Siku kumi baadaye aliitwa na bima akapimwe na daktari wao. Mjuaji alimsindikiza hadi mlango wa jengo, akimnong'oneza njia nzima.

"Wakikuonyesha picha, sema ni dada yako. Picha ya mbali haina uso. Umesikia, shemeji? Dada yako."

Chumba kilikuwa na meza, kitanda chembamba cha kupimia, na dirisha lisilofunguka. Daktari alikuwa mzee wa miwani minene. Wakili wake alishafika. Na kwenye kiti cha pembeni, bahasha mapajani, alikaa mtu wa koti. Mama Pasi alitazama sakafu. Alifikiria pingu, akafikiria mumewe akimletea chakula gerezani, kimepoa.

Daktari aliweka picha mezani. Shuka jeupe, na mikono miwili juu.

"Mama, huyu ni nani?"

Alifungua kinywa kusema ni dada yake. Neno lilikuwa tayari, limelala juu ya ulimi. Kisha akaiona ile sura ndogo kwenye picha, inacheka. Alikuwa amesahau kwamba siku ile alicheka.

"Ni mimi," alisema.

Akaisogeza picha karibu kwa mkono wa kushoto.

"Ni mimi. Siku hiyo niliamka vizuri. Zipo siku mkono hunyanyuka. Kesho yake sikuweza kuchana nywele, mume wangu ndiye alinichana, na alinichana vibaya, mngeniona mngecheka. Sikuiba, daktari. Niliumia kweli."

"Na hiki kitambaa nani alikuandikia?"

Wakili aligeuka kumtazama.

"Hakuna," alisema. "Niliogopa mtaniona mzima. Nimekivaa wiki nane."

"Mama!" wakili alisema, kisha akajizuia.

Daktari alikivua kitambaa taratibu. Akamwambia anyanyue mkono. Mama Pasi aliunyanyua, ukafika usawa wa kifua, ukakwama. Alijaribu tena kwa nguvu zote. Hakuwa anaigiza. Ulikwama kama mlango ulioingia kutu, na hofu iliyomshika hapo haikuhusu pingu wala bima.

"Mbona haupandi? Daktari, mbona haupandi?"

"Bega likifungwa hivi hukakamaa," alisema mzee. "Hili umejifanyia mwenyewe." Kisha vidole vyake baridi vikapita nyuma ya bega, vikasimama mahali pamoja na kubonyeza. Mama Pasi alipiga ukelele uliomfanya mtu wa koti ainue kichwa. "Na hili hukujifanyia. Hapa ndipo mlango ulipotua. Kano imechanika, na bado haijapona."

Nje, kwenye korido, wakili aliegemea ukuta.

"Ungeniambia, mama. Picha ile ningeijibu kwa sentensi moja. Daktari wa kwanza aliandika mwenyewe kwamba kuna siku za nafuu."

"Nilidhani watanifunga."

"Kwa kuanika shuka?" Akataka kukasirika, akashindwa, akamshika mkono wa kushoto wakateremka ngazi pamoja.

Barua ilikuja mwezi uliofuata. Bima ilikubali kwamba mwenye duka alizembea, na kwamba Mama Pasi aliumia. Watalipa matibabu, watalipa kazi aliyoikosa na maumivu aliyopata, ila wamepunguza sehemu kwa sababu ya kule kukakamaa alikojiletea. Ilikuwa chini ya walichodai. Wakili aliona wangeweza kupata zaidi; Mama Pasi akasema basi, inatosha, wakaisaini. Mjuaji aliadimika kwa wiki mbili, kisha akaibuka wakati wa chai na kutangaza kwamba tangu mwanzo alijua watalipa.

Hofu haikuondoka siku barua ilipofika. Kwa muda mrefu pikipiki ikipunguza mwendo nje, pasi ilisimama hewani mpaka ipite.

Hospitalini alipangiwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mnene mwenye mikono ya mtu anayekanda unga. Siku ya kwanza alimlaza chali, akaushika mkono wa kulia kwenye kiwiko na kifundo, akaanza kuusogeza juu kidogo kidogo.

"Niambie unapouma, dada. Usinifiche."

Mama Pasi alitupa jicho mlangoni. Palikuwa na pazia tu na sauti za watu wengine wakihesabu mazoezi yao.

"Hapa?"

"Hapo panauma."

"Na hapa?"

Alifumba macho, akasikiliza. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Panauma sana."

"Na hapa, ukishuka?"

"Hapo," alisema Mama Pasi, "hapo hapaumi."

"Vizuri," alisema yule mwanamke, akaendelea kuupandisha.