Ukoko wa Mwaitu

Jumamosi, tarehe 25 Agosti 1984. Umoja iliamka chini ya wingu zito, manyunyu membamba yakianguka bila sauti. Ilikuwa ile baridi ya Agosti ya Nairobi, inayomvalisha mtu sweta mbili na bado haijazi hata ndoo moja ya maji.

Wayua aliwasha jiko mlangoni, akalipepea kwa kifuniko cha sufuria. Ndani, nyuma ya pazia, watoto wake wawili walikuwa bado wamelala. Kila aliposikia pumzi zao alitaka kupiga magoti. Alikuwa ameomba miaka mingi apewe asubuhi kama hii, na Mungu alikuwa amempa. Jambo moja tu hakupenda kulifikiria, nalo ni njia ambayo Mungu aliitumia kumpa.

Maana ni njaa iliyomletea watoto.

Kanyiva, msichana wa miaka kumi, na Kiilu, mdogo wake wa miaka saba, walilelewa na mama mkwe wake huko Ukambani tangu walipoachishwa ziwa. Siku zile Wayua alikuwa yaya kwa matajiri, akilala kwa mwajiri, akiwaogesha na kuwabembeleza watoto wa wenzake. Wa kwake mwenyewe hawakuruhusiwa kupita getini. Baadaye yeye na mumewe Mativo, mchonga vinyago, walipata chumba Umoja, naye akaweka meza ya sukuma wiki mbele ya mlango. Hapo akaanza kuwaitisha watoto. Kila likizo jibu likawa lilelile: watoto wana mbuzi wa kuchunga, watoto wana kunde za kupalilia, waache kwanza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini watoto hawakuujua uchungu huo. Bibi yao walimwita Mwaitu, ndiyo kusema mama. Yeye walimwita Wayua, kama walivyosikia akiitwa nyumbani. Wapangaji wote wa ploti walimwita Mama Kanyiva, isipokuwa Kanyiva mwenyewe.

Kisha mvua ikakosa. Mbuzi wakafa, mito ikabaki mchanga mtupu, na mwanzoni mwa likizo ya Agosti, Makau, dereva wa lori la makaa na mtu wa kijiji kile, akawashusha watoto mlangoni wakiwa weupe kwa vumbi.

"Mwaitu anasema wakae huku wale," Makau alisema. "Mvua ikinyesha, warudi."

"Tutaona," Wayua akajibu.

Siku ile alifanya ombi ambalo hakumwambia mtu, hata Mativo. *Bwana, usiwaondoe tena mikononi mwangu.* Alipofika kwenye Amina alijua vizuri alichokuwa ameomba. Watoto wangerudi mvua ikinyesha. Basi aliyeomba wasirudi aliomba nini? Aliinuka haraka, akaenda kuosha vyombo.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Watoto waliamka kabla ya jogoo, wakasimama katikati ya chumba wakitafuta mbuzi wa kufungulia. Wayua alikuwa amenunua sahani za bati, kila mtu yake, na Kiilu akalia kwa kuwa amezoea mikono yote kuingia sahani moja. Kanyiva alifagia ua wote wa ploti na milango ya majirani, kana kwamba ni boma.

"Mama Kanyiva, huyu msichana nipe tu," alisema Roseline, jirani wa mlango wa pili na kiongozi wa akina mama wa maombi. "Mume wangu amekuta mlango umefagiwa, ameniuliza, kwani tumehama?"

Polepole nyumba ikapata mwendo wake. Asubuhi sala, halafu uji. Baada ya uji, foleni ya unga dukani kwa Wehliye, kwa sababu njaa ilikuwa imefika hata madukani na kila kichwa kilipewa pakiti moja tu ya unga wa manjano. Baada ya foleni, meza ya sukuma. Jioni ugali, kisha sala tena, na Mativo akiwachongea watoto twiga kwa vipande vilivyobaki kazini. Kiilu akaanza kucheza na watoto wa ploti, akajifunza lugha yao, na siku moja akaingia akipiga kelele, "Mathe, kuna chakula?" Wayua alicheka mpaka akalazimika kuketi. Hata hilo neno la mtaani la kumwita mama lilimtosha.

Kanyiva hakubadilika. "Wayua, maji yamechemka." "Wayua, pakiti ni tatu."

Ndiyo, zilikuwa tatu, maana wao walipanga foleni watu watatu. Nyumba ilikula moja. Mativo alikuwa amesema, "Zinazobaki mpe Makau ampelekee mama." Naye Wayua alikuwa amejibu, "Nitampa." Lakini Jumamosi ya kwanza Makau alipoleta makaa, alisikia ulimi wake ukisema, "Unga haukupatikana, ndugu yangu. Labda Jumamosi ijayo." Jumamosi ya pili ukasema hivyohivyo. Alijua kwamba mkongwe akipata unga, angepata na nguvu za kuita watoto Septemba. Bila unga, watoto wangeandikishwa shule hapa, na mwisho wangekuwa wake. Wiki moja haiui mtu, alijiambia. Akazipanga pakiti ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, akatandika kanga juu yake. Kanyiva alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Akaendelea kufagia.

Ila jambo moja lilimpa Wayua tumaini. Msichana alianza kupenda ukoko. Ugali ulipopakuliwa, Kanyiva alikuwa wa kwanza kushika sufuria, akiubandua ukoko taratibu kwa mwiko ili usivunjike. Kiilu akinyoosha mkono anapigwa kofi. Moyo wa Wayua uliyeyuka. Mtoto anayepigania ukoko ni mtoto wa nyumba, mgeni hafanyi hivyo. Tangu hapo alizoea kuuacha ugali motoni zaidi kidogo, ukoko uwe mnene, uwe mtamu. Hakujua njia nyingine ya kumwambia mtoto yule kwamba anampenda.

Basi Jumamosi hiyo ya manyunyu ilikuwa zamu ya Wayua kuwapokea akina mama wa maombi. Kanisa lilikuwa limetangaza siku ya kuombea mvua. Mativo alikuwa ameenda kazini. Chumba kilijaa, wengine wameketi kitandani, wengine kwenye mkeka. Roseline alikuwa ndiyo kwanza amefungua Biblia pale lori la Makau liliposimama nje.

Makau aliingia akiinamisha kichwa. Mikononi alikuwa amembeba mtu, kama mtu anavyobeba nguo za kufuliwa. Wayua hakumtambua mpaka watoto walipopiga kelele.

"Mwaitu!"

Mkongwe aliwekwa kwenye kiti cha pekee chumbani. Miguu yake ilikuwa vijiti, na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mapajani alishika kibuyu kidogo. Aliwapapasa watoto mbavu, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, akashangaa.

"Wamenenepa," alisema. "Sasa mbona mliniogopesha hivyo?"

"Tulikuogopesha na nini, mama?" Wayua aliuliza.

Mkongwe akafungua pembe ya leso yake. Vilitoka vipande vya ukoko wa manjano, vimekauka kama magome ya mti.

"Makau aliniletea hivi. Jumamosi mbili. Na kila mara anasema unga hakuna Nairobi. Nikajiambia, watu wanaotuma ukoko, sufuria yao haina kitu tena. Watoto wanakufa njaa huko, nanyi mnaona aibu kuniambia. Ndipo nikamwambia anipakie." Akasukuma kibuyu mbele. "Nimeleta kunde. Ni mbegu zangu, nilikuwa nazingojea mvua. Lakini mbegu ni ya nini, kama wa kuipanda hayupo? Wapikie, Wayua."

"Msichana alikuwa ananingoja pale kwenye kona," Makau akaeleza, akiangalia viatu vyake. "Anaanika ukoko juu ya bati la bafu, ananifungia kwenye karatasi. Mimi niliamini unga hakuna. Wewe ndiye uliniambia, Mama Kanyiva."

Kanyiva alipita katikati ya magoti ya akina mama, akaingia chini ya kitanda na kuvuta sanduku la bati. Lilikwaruza saruji kwa sauti ndefu. Akaondoa kanga. Pakiti zilikuwa zimepangwa kama matofali.

Roseline alifunga Biblia.

Wayua alingoja atukanwe. Angeshukuru kutukanwa. Mkongwe aliinama, akaigusa pakiti ya juu kwa kidole.

"Umeziweka vizuri," alisema. "Panya hawakuzifikia."

Roseline akasema, bila mzaha wowote, "Mama Kanyiva, ni nyumba yako na ni zamu yako. Tuongoze kuombea mvua."

Wayua alipiga magoti. Akafungua mdomo. Maombi aliyoyajua yote yalikuwa pale, lakini lile la siri lilikuwa limesimama mbele yao kama mbwa mlangoni. Aliwahi kusikia watu wakisema Mungu hasikii. Yeye alitamani siku ile asingekuwa amesikika.

"Siwezi," alisema.

"Basi hizi zirudi udongoni," mkongwe akasema, akikivuta tena kibuyu chake. "Unga upo, mbegu zisiliwe. Ila mimi mgongo wangu hauinami tena. Nani atazipanda?"

"Mimi," Kanyiva alisema. Hakuwa amemtazama mama yake. Sasa akamtazama. "Wayua, utaniacha niende?"

Wote wakageuka. Kiilu alikuwa ameshikilia sketi ya bibi yake kwa mikono miwili. Wayua aliwaangalia watatu hao, akaona jinsi walivyokaa karibu bila kujitahidi, nao ndio mwendo ambao yeye aliutafuta likizo nzima kwa sahani mpya na foleni na sala. Akasimama. Akachukua pakiti moja, akampa Roseline aipike, kisha akasema kwa sauti, ili asije akapata pa kujificha baadaye:

"Akina mama mnisikie, na wewe Makau usikie, na Mungu anayesikia hata nisilotaka asikie. Mama, utakaa hapa, utakula ushibe. Na mvua ya kwanza ikianguka kwenu, mimi Wayua, kwa miguu yangu, nitakurudisha nyumbani pamoja na watoto hawa, wewe uliye mama yao."