Sindano ya Pili ya Swabur

Swabur alifika kliniki ya Tororo kabla hata mfagiaji hajamaliza kazi, na kwao Busia, mpakani, hakuna aliyeshangaa. Tangu asikie kwamba Daktari Akwi ana mashine inayoonyesha sindano ikitembea ndani ya mwili, mtu huyu hakushikika. Aliwatangazia wabeba mizigo wenzake wa mpakani, akawatangazia maofisa wa forodha, akamwambia na Rasto, mfanyabiashara wa upande wa Kenya anayempa mafuta ya kupikia kuvusha kila asubuhi, kwamba atafute mtu mwingine kwa wiki moja.

Haki yake kuchachawa. Mguu wake wa kulia umenyauka tangu utotoni, unaning'inia tu. Anakula kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono, ikiwa imesheheni madumu mpaka mwenyewe humwoni. Sasa vidole vya mkono vilikuwa vinakufa ganzi, na juzi kikombe cha chai kilimponyoka akiwa anakitazama. Mikono ikienda, Swabur ndiyo basi tena.

Jambo moja tu hakulitangaza. Mguu ule uliharibiwa na sindano. Alikuwa na miaka minne, malaria imemshika, na mtu wa duka la dawa akamchoma tako na kuigonga neva. Aliyemshika asifurukute alikuwa mama yake, Halimah. Bibi huyo leo alikuwa kwenye benchi la nje, ameupa mlango mgongo, eti anapunga upepo.

Daktari Akwi alimlaza Swabur mkono juu ya mto, akampaka jeli baridi kwenye kifundo cha mkono, akamweleza kwamba neva inayopita hapo imebanwa, na dawa ya steroidi itapunguza uvimbe ili ipate nafasi. Picha ikatokea. Ukungu wa kijivu, na katikati yake kiduara kidogo. Aliposikia kwamba kile kiduara ndicho neva yake, furaha yote ya wiki nzima ikamyeyuka.

"Daktari, ukigusa hiyo, mimi narudi nyumbani kwa kubebwa."

Akwi hakumcheka. Alikigeuza kioo cha mashine kimwelekee yeye. "Basi wewe ongoza. Ukiona nakaribia, sema simama."

Jamani, kumpa mtu wa mpakani kazi ya kuongoza! Swabur amerudisha nyuma malori ya Mombasa kwenye upenyo usiotosha mbuzi. Sindano ilipochomoza pembeni mwa kioo, mstari mweupe mwembamba, alisahau hata kuumia. Macho yakamtoka.

"Kuja. Kuja. Kuja pole. Lala chini kidogo. Hapo. Simama."

Dawa ikamwagika, nyeusi kiooni, ikaizunguka neva na kuibandua taratibu pale ilipokuwa imegandama. Moyo ulimdunda kama wa mtu aliyeona mwezi wa Idi peke yake. Sindano haikuigusa. Daktari alimwonya kwamba nafuu yenyewe itachukua siku kadhaa, na baiskeli asiiguse wiki nzima, lakini nani alikuwa anasikia?

"Mama, kuja uone."

Halimah alikataa. Akaitwa tena, akakataa tena, mpaka Akwi alipotoka mwenyewe kumshika mkono. Aliingia ubavu ubavu, buibui limefunika nusu ya uso. Daktari akamrudishia picha tangu mwanzo. Sindano ikaja, ikapita chini ya kiduara, ikasimama. Halimah akaomba irudiwe. Ikarudiwa mara tatu, na mara ya tatu alikuwa analia waziwazi.

"Siku ile hatukuona kitu," alisema. "Mimi nilikushika tu."

"Hukujua, mama. Hata yule wa duka la dawa hakujua."

Bibi akautia mkono wake ndani ya mkono wa mwanawe, ule uliochomwa, akamwambia ambane. Swabur akambana, kidole kimoja kimoja, kisha vyote kwa pamoja. Halimah alilalamika kwamba anaumizwa, lakini mkono hakuutoa.