Upande wa Dirishani

Mimi nilikuwa mshambuliaji wa kati, namba tisa, miaka kumi na moja. Magoli yangu mia na arobaini na mawili nayajua moja moja, hata lile la kubahatisha lililonigonga begani nikiwa nimempa kipa mgongo. Kadi nyekundu nilipata saba. Sita nilistahili. Ya saba mpaka leo nikimwona yule refa barabarani navuka upande wa pili, maana najijua.

Uwanjani waliniita Msumari. Mama yangu hakulipenda jina hilo, alisema yeye alizaa mtoto, hakuzaa chuma. Na mama, jamani, ndiye niliyekuwa nampelekea magoli yote hayo, ingawa hakuona hata moja. Macho yake yalianza kufifia nikiwa bado shule. Presha ya macho. Tulichelewa kumfikisha kwa daktari, na mwaka niliosaini timu yangu ya kwanza alikuwa hatofautishi tena jua na taa ya sebuleni. Nilikwenda kwake nimevaa jezi mpya. Akanishika uso kwa mikono miwili, akashuka mabegani, akanizungusha, akaipapasa namba mgongoni. "Tisa," akasema. "Au umeivaa kichwa chini, ni sita?" Ndivyo alivyokuwa mama.

Redio ndiyo ilikuwa macho yake. Watangazaji wa redio walimpa kila kitu: nani ana mpira, yuko wapi, nani anamfuata, jua limempiga kipa usoni. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, alikuwa akiishi naye na kushonea palepale sebuleni, na siku nikicheza ilikuwa marufuku kukanyaga pedali. Wateja walikuja kuchukua nguo zao wakaambiwa wakae kimya au warudi kesho.

Halafu goti langu la kulia likafa. Operesheni mbili hazikusaidia kitu. Nilikaa nyumbani mwaka mzima nikigombana na kila kilichopita mbele yangu, hadi mlango wa choo niliugombeza. Mke wangu akaniambia nitafute kazi ama nitafute mke mwingine. Ndipo televisheni wakaniita nikajaribu kutangaza.

Sasa, televisheni si redio. Hilo ndilo jambo la kwanza unalofundishwa ukishavaa vile vipokea sauti masikioni: mtazamaji anaona, usimweleze anachokiona. Taja jina la mwenye mpira, nyamaza, acha uwanja wenyewe uzungumze. Mwenzangu kwenye kibanda cha kutangazia alikuwa mtangazaji mkongwe tuliyemwita Kasuku kwa utani, kwa sababu aliweza kumaliza kona tatu bila kufungua mdomo. Alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na alinifundisha kwa moyo mmoja.

Lakini siku ya mechi yangu ya kwanza dada alinipigia simu zikiwa zimebaki dakika nne tuingie hewani. Mama ameizima redio. Ameiviringisha kwenye khanga na kuitia kabatini, amesema mwanangu hayuko huko tena. Amevuta kiti, amekaa mbele ya televisheni, amevaa na viatu kabisa. Ningefanya nini? Niambie, ungefanya nini wewe?

Nikatangaza redio kwenye televisheni. Nilisema yote. Kushoto na kulia zilinisumbua, kwa sababu mama hakuwahi kujua kamera inakaa wapi, lakini sebule yake aliijua kuliko mtu yeyote. Ukikaa kwenye kile kiti chake, dirisha liko kushoto na mlango kulia. Basi nikasema hewani, "Jezi za kijani wanashambulia upande wa dirishani." Kasuku akanigeukia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kipindi cha pili nikasema, "Tumehama, sasa kijani wanakwenda mlangoni." Na jioni mama alinisimulia mechi nzima, toka mwanzo mpaka mwisho, na mahali fulani akanisahihisha.

Nilifanya hivyo miaka minne. Watu mwanzoni walipenda, wakadhani ni mbwembwe za mchezaji wa zamani. Watoto mitaani walikuwa wakipiga mpira huku wakipiga kelele, dirishani, dirishani. Siku moja nilijisahau kabisa nikasema, "Bado, bado, kaa kwanza," maana mama alikuwa na tabia ya kusimama kabla goli halijaingia. Watu wote wakafikiri namwambia kocha. Kasuku alijua, nilimwambia yeye peke yake, na alikuwa ananisukumia glasi ya maji koo likinikauka.

Kisha akaja mkuu mpya wa michezo. Ningependa kumsema vibaya lakini siwezi. Alikuwa mwanamke mnyoofu, hana makuu, na kazi aliijua. Akaniita ofisini, akaniwekea rekodi ya mechi ya juma lililopita, akaisimamisha kila mahali.

"Dakika hii moja umesema maneno zaidi ya mia na hamsini," akasema. "Barua za malalamiko zimejaa. Watu wanazima sauti. Watu wana macho, kaka yangu."

"Si wote," nikasema.

"Nani hana?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini mimi na kiburi changu tulizaliwa siku moja. Sikutaka mama awe hadithi ya kunywea chai pale ofisini, watu wanamhurumia mtu asiyejihurumia hata kidogo. Badala ya kujibu nikampandishia sauti. Nikamwambia yeye hajawahi kupiga hata kona moja maishani mwake, asinifundishe mpira.

Alinisubiri nimalize. "Umemaliza? Fainali ni Jumamosi ijayo. Ukitangaza kama redio, itakuwa mechi yako ya mwisho hapa."

Nitasema ukweli, niliogopa. Mpira ulikuwa umeniacha mara moja na ule mwaka nauelewa mimi na mke wangu. Bila kile kibanda nisingekuwa mtu wa kukaa naye nyumba moja. Nikaenda kwa mama siku hiyohiyo, goti linaniuma kwa hasira. Dada alikuwa anapinda suruali. Nikaanza kuzungukazunguka maneno, mara hali ya hewa, mara wajukuu, mpaka mama akaniambia nitapike kilichonikwama.

"Nimekatazwa kueleza mpira," nikasema. "Wanasema televisheni watu wanaona. Wanataka ninyamaze."

Mama akanigeukia. "Kwani wenzako hawaelezi?"

"Hawaelezi, mama."

"Hata yule Kasuku?"

"Huyo ndiye kabisa."

Akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe miaka yote hii umewasumbua watu na madirisha yao kwa sababu yangu. Loo, mwanangu, wewe huna haya." Halafu akajifuta macho na ncha ya kitambaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nenda kafanye kazi yako walivyokuagiza. Mimi mpira wenyewe umeshanichosha. Zamani ulikuwa unacheza wewe, kulikuwa na sababu. Sasa hawa vijana siwajui, nakaa tu pale kukuridhisha."

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Nilimwamini. Nilimwamini upesi kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji, hakuna aliyenilazimisha. Dada aliinua kichwa kutoka kwenye ile suruali akanitazama, nikaona jicho lake, nikaamua sikuliona. Nilitoka pale mwepesi, nikapiga mluzi mpaka nyumbani. Hilo ndilo linaloniua zaidi, ule mluzi.

Fainali nilinyamaza. Ilikuwa kazi kweli, niliuma kalamu mpaka ikapasuka, mdomo ukawa na wino. Goli la ushindi lilipoingia nikataja jina la mfungaji, basi, nikaacha watu washangilie. Mkuu akaja mwenyewe kunishika mkono. Mkataba ukasainiwa. Msimu uliofuata wakaanza kuniita kwenye mechi kubwa kubwa, na magazeti yakaandika kwamba Msumari amekomaa.

Kwa mama nilikuwa nakwenda kila Ijumaa. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kiti chake kimerudishwa karibu na cherehani. Tuliongea mambo ya wajukuu, ya majirani, ya goti langu na mgongo wake. Mpira hakuutaja, nami sikuutaja. Nikadhani ndiyo uzee, mtu anaacha vitu kimoja kimoja.

Alitutoka mwanzoni mwa msimu wa pili. Mapafu. Wiki tatu tu, hatukupata hata nafasi ya kuzoea kwamba anaumwa. Sitaki kuyaeleza hayo.

Siku chache baada ya mazishi nilikwenda kumsaidia dada kupanga nyumba. Nguo tulikwisha kuzigawa. Nikaitazama ile televisheni, nikasema, kwa nia njema kabisa, "Hii nimpe jirani? Wewe huangalii, na mama aliiacha zamani."

Dada alikuwa ameshika chuma cha pasi. Akakiweka chini. "Nani kakwambia aliiacha?"

"Si mwenyewe alisema."

"Mdogo wangu, wewe hukukosa mechi hata moja, naye hakukosa." Akakaa. "Alikuwa ananiamuru nikifunue hicho kitambaa, nisogeze kiti, nizime cherehani. Kisha nimweleze mimi. Mimi, ambaye sijui kona ni nini. Namwambia, mama, mmoja kaanguka. Nani? Sijui, mwenye soksi zilizoshuka. Ana mpira nani sasa? Wanausukuma sukuma tu, mama. Ananitukana, anacheka. Nilijitahidi, wallahi, lakini nilikuwa siwezi. Mwisho akaniambia niache, tukae tu."

"Mkae mfanye nini?"

"Tukungoje useme." Dada alikuwa hanitazami. "Dakika tisini. Ukitaja jina la mtu ananyanyua mkono nisipumue. Anasema, ana mafua leo. Anasema, leo amekuja kazini amegombana na mkewe. Ukishasema anatulia, anangoja tena. Mechi ya mwisho, ile ya wiki aliyofariki, tulimweka hapa juu ya mito. Ulisema mara chache sana siku hiyo. Alikuwa ananiuliza, bado yupo? Namwambia yupo, mama. Bado yupo? Yupo."

Nilisimama katikati ya ile sebule, mtu mzima mwenye mvi, nikashindwa kujua mikono niiweke wapi. Kisha hasira ikanipanda, maana kwangu hasira ndiyo hutangulia kufika. "Kwa nini hukuniambia? Wiki hadi wiki nakuja hapa, nakaa kwenye hicho kiti, unanipa chai, huniambii? Ningejua ningesema. Ningesema kila kitu, wangenifukuza na wanifukuze."

"Alinikataza."

"Kwa nini?"

"Si ndiyo hayo umeyasema sasa hivi," dada akajibu. Akachukua pasi yake, akakuta imepoa.

Jumapili nilikuwa na mechi. Mke wangu aliniambia nisiende, nikaenda. Timu zikaingia, filimbi ikapulizwa, Kasuku akanipisha nianze kama kawaida yetu. Nilitaja jina la mtu aliyeanzisha mpira, na baada ya hapo maneno yakaniishia. Kasuku akaitangaza mechi yote peke yake, mkono wake mmoja umeshika mkono wangu chini ya meza. Nilijaribu mara mbili tatu, hakikutoka kitu. Tulipomaliza mkuu alinipigia simu. Akaniambia hajawahi kusikia nikimwachia mwenzangu nafasi vizuri namna ile, na kwamba hatimaye nimeielewa televisheni. Nikamshukuru.