Hifadhi za Rodi Kopany

Maurice alirudi Muhuru Bay bila injini ya boti na bila vidole vitatu. Majambazi walimvamia ziwani mahali ambapo hakumwambia mtu kwamba angetega nyavu. Aliyepajua ni simu yake tu, iliyokuwa na programu ya kuonyesha boti ilipo ili mvuvi akipatwa na dhoruba afuatwe.

Programu hiyo iliandikwa na dada yake, Phelesia, pamoja na wenzake wa kujitolea. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, ulikuwa huria, yeyote angeweza kuusoma. Lakini watu hawasomi kitu wanachokiamini. Phelesia alipoketi akausoma upya, akakuta mistari michache iliyopenyezwa, ikituma mahali boti zilipo kwa namba ya simu asiyoijua. Hifadhi zote za msimbo zilikaa kwenye seva moja katika ofisi ya kikundi chao, mjini Rodi Kopany, na aliyeitunza ni Gordon, mwanzilishi wao.

Wenzake wakakata shauri kuzihamishia hifadhi hizo kwenye seva nyingine ya mtandaoni, ambako hakuna badiliko litakalopita bila kukaguliwa na watu wawili. Nakala za msimbo kila mmoja alikuwa nazo. Kumbukumbu za nani aliingiza nini, hizo zilikuwa kwenye seva peke yake.

Siku ya soko, Gordon akiwa Homa Bay, Phelesia na mwenzake Trizah walivunja kufuli ya chumba cha seva wakaanza kuhamisha. Mtandao ulienda mwendo wa kinyonga. Hifadhi moja ilikuwa bado waliposikia pikipiki nje.

"Nyar Muhuru, fungua," Gordon alisema, akimwita Phelesia binti wa Muhuru kwa Kijaluo. Hakupaza sauti. "Hiyo mashine ni yangu."

"Na vidole vya Maurice ni vya nani?" Phelesia akamuuliza.

Panga likapasua mbao za mlango. Trizah, aliyeuegemea, alikatwa begani akaanguka. Gordon akaingia, nyuma yake wanaume wawili, akaenda moja kwa moja kwenye seva. Phelesia akanyanyua betri iliyokuwa sakafuni akampiga nayo mdomoni. Meno yakatoka. Akampiga tena, panga likamponyoka.

"Hawa ndio wezi wa injini!" Trizah alipiga ukelele.

Soko zima likasikia. Wale wawili wakatimua mbio. Gordon akaburutwa nje kwa miguu, kucha zake zikikwaruza saruji.

Phelesia akarudi kwenye kompyuta. Nje walianza kwa fimbo, kisha mawe, na sauti ya jiwe juu ya mtu haifanani na ya kitu kingine.

"Phele, watamuua," Trizah alisema, ameshikilia bega lililokatwa.

"Acha imalize."

"Nenda uwaambie. Wanakujua wewe."

"Nikitoka mtandao ukakatika, tutabaki na nini?"

Huko nje Gordon aliita jina la Phelesia mara moja. Hifadhi ikamalizika, Phelesia akahakikisha kumbukumbu zote zimefika salama, ndipo akatoka. Watu wakampisha bila kuambiwa. Gordon alikuwa amelala kifudifudi, sikio moja halipo. Alikata roho garini kabla hawajafika hospitali ya Homa Bay.

Kumbukumbu zile, zilizoonyesha kuwa Gordon ndiye aliyepenyeza ile mistari, zilisomwa na polisi, na watu wanne wakakamatwa ufukweni. Muhuru Bay walimpokea Phelesia kwa nyimbo. Alikula chakula chao kidogo, akasema anaumwa kichwa.

Alipokwenda kumwona Trizah wodini, hawakuzungumza muda mrefu.

"Ungetoka mapema wangekusikiliza?" Trizah aliuliza.

"Nadhani wangenisikiliza."

Trizah akageuza uso upande wa ukuta.

Jioni ile Phelesia aliwaandikia watumiaji wote kwamba programu imehamia anwani mpya. Chini, penye majina ya walioitengeneza, jina la Gordon lilikuwa la kwanza. Wenzake walimtaka alifute. Alikataa, na hakuwaeleza sababu.