Sifuri Arobaini na Moja

Saa nne asubuhi, sura kumi na mbili za wataalamu kutoka nchi tano zilijaa kwenye skrini yangu. Mradi wetu ulikuwa mmoja: kutabiri mvua za ukanda huu kwa kompyuta. Kiongozi wetu, mama wa ng'ambo mwenye Kiswahili kisichopoteza maneno, alituonyesha mstari mwekundu uliolala chini kabisa, wa mwaka niliozaliwa.

"Kituo chenu hiki. Siku arobaini na moja, sifuri tupu, na vituo jirani vilikuwa na mafuriko. Tukizibakiza, ramani itasema bondeni ni salama, na watu watajenga. Lakini hatufuti takwimu bila sababu ya maandishi. Una dakika kumi."

Mpima mvua wa kituo kile alikuwa baba yangu, miaka thelathini. Cheti chake cha kutoruka hata siku moja kilining'inia sebuleni kwake, mahali wenzake wanapotundika picha za harusi.

Nilizima maikrofoni, nikampigia kwa spika.

"Shikamoo, Baba. Mwaka niliozaliwa, mvua iligoma?"

"Marahaba. Nani anauliza?"

"Kompyuta."

"Iambie haina adabu."

"Baba, sitanii. Watu watajenga bondeni."

Yeye hujibu kabla hujauliza; safari hii nilisikia kwanza akifunga mlango.

"Ulizaliwa kabla ya miezi kutimia," alisema. "Wewe na mama yako mlilazwa, na mimi nililala sakafuni hapo hospitali. Kituoni sikukanyaga. Niliporudi nikajaza daftari. Kistari, alama ya siku isiyopimwa, kingeleta barua ya onyo. Sifuri haiulizwi na mtu." Sauti ikashuka. "Usiwaambie, mwanangu. Sina kingine cha kuonyesha."

Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa kifo kingewaendea wa bondeni, siyo yeye.

"Dakika moja," alisema kiongozi.

Niliweka simu mezani bila kuikata, nikawasha maikrofoni.

"Zifuteni. Sababu: hakuna aliyepima."

"Nani anathibitisha?"

Niliitazama simu pale mezani. Kisha kikohozi kikatoka kwenye simu.

"Mimi hapa, mpimaji," Baba alisema. "Siku zote hizo sikwenda kazini. Binti yangu alikuwa anapumua kwa shida. Andikeni kistari."

Kiongozi aliandika. Mstari mwekundu ukakatika, pakabaki pengo.

Jioni nilikwenda kwake nikiwa na maneno mengi ya kumwambia. Alikuwa ameketi sebuleni, na ukutani nyuma yake umebaki msumari wa cheti peke yake.