Sima ya Pola

Dorcas alikuwa na mdomo, hilo Gede nzima inalijua. Pale stendi alipouzia mahamri na mbaazi, hakuna kondakta aliyemchokoza akaondoka salama. Lakini mweke mbele ya jirani yake Pola, umwambie amtaje Yesu: ulimi ulimfa ganzi, akabaki kuuliza habari za kuku.

Wala usimcheke. Sidi, binti yake Pola, alimfuata mhubiri mmoja aliyewaingiza watu msituni akawaambia wafunge, wasile, mpaka wamwone Mungu. Sidi aliingia na watoto wake wawili, na hakutoka hata mmoja. Tangu hapo Pola hakutaka kusikia habari za kanisa, na nani atamlaumu? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alijitenga, akawa anakonda tu, na hata jina la Mama Sidi watu waliacha kumwita.

Dorcas alimpenda yule mama. Alipoolewa kutoka bara, mgeni asiyejua hata kukuna nazi, ni Pola aliyemkalisha juu ya mbuzi ya kukunia akamfundisha, huku akimcheka. Sasa kilichomuuma ni kwamba Pola aliamini Mungu ndiye aliyemla mwanawe. Dorcas alitaka kumwambia neno moja tu, kwamba Mungu naye alimlilia Sidi. Neno la pumzi moja! Kila alipokwenda nalo alirudi nalo vilevile, baada ya kuzunguka mbuyu mpaka akachoka mwenyewe. Aliogopa kufukuzwa, kweli. Lakini zaidi aliogopa Pola asije akamtazama kama anavyomtazama mhubiri yule.

Mchungaji wake, Musembi, akamshauri afunge na kuomba apate ujasiri. Ushauri wenyewe si mbaya, watu wa kanisa wamezoea. Jambo likiwashinda hufunga. Basi Dorcas akamwahidi Mungu kwamba hataonja kitu mpaka jioni. Alikaanga mahamri yake asubuhi bila kulamba hata kidole, na mchana akapiga moyo konde, akavuka ua.

Pola alikuwa jikoni, anasonga sima.

"Hodi, mayo." Hivyo ndivyo Wagiriama wanavyomwita mama, na Dorcas alijifunza kwake.

"Karibu, mwanangu. Leo biashara imekwisha mapema?"

"Imekwisha." Akaketi kwenye kigoda, na kabla woga haujamkamata akasema, "Mayo, nimekuja kukwambia habari za Mungu."

Likatoka! Mwenyewe alishangaa. Mbingu hazikuanguka, na Pola hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye leso yake.

"Ngoja kwanza," alisema.

Akapakua sima, na kando yake mboga ya mchunga iliyopikwa kwa nazi. Akaleta maji ya kunawa, akaiweka sahani mbele ya Dorcas.

"Mimi sikatazi mtu kusema," alisema Pola. "Ila siku hizi anayekuja na Mungu hapa kwangu hula kwanza. Nimwone anatafuna, nimwone anameza. Akishakula na aseme mpaka jua litue, nitamsikiliza. Wewe nilikuwa nakungojea, mwanangu. Nilijua una neno, sikujua unaogopa nini."

Loo! Siku zote hizo yule mama alikuwa anamngojea.

Dorcas akanawa. Mkono ukaenda kwenye sima, ukasita. Alikuwa amemwahidi Mungu, naye si mtu wa kuvunja ahadi. Ulisita kidogo mno, kiasi cha mtu kumeza mate, na mwenyeji mwingine asingegutuka. Lakini Pola hakuwa na kitu kingine anachokitazama ila mkono ule.

"Umefunga?"

Angesema la, nani angejua? Lakini utaanzaje kumleta Mungu nyumbani kwa mtu kwa uongo?

"Nimefunga, mayo," akasema, machozi yakimlengalenga. "Ila nimefunga kwa ajili yako."

Pola hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Sidi naye aliniaga hivyo," alisema. "'Mama, nakwenda kufunga kwa ajili yako.'"

Dorcas akamega tonge, ahadi au si ahadi, akalitia kinywani. "Nitazame, mayo! Nakula! Nitazame!" Akamega jingine kabla la kwanza halijashuka. Pola alikuwa ameshainuka. Aliingia ndani taratibu, akavuta mlango, na komeo likasikika.

Na lile neno bado halijasemwa. Dorcas aliuambia mlango kwamba Mungu alimlilia Sidi, lakini kinywa kilijaa sima na kilio, hata yeye hakujielewa. Hakujua afanye nini. Kuondoka aliona ni kumtupa yule mama, na kubisha aliona ni kumwandama kama watu wa mhubiri yule walivyomwandama Sidi. Akarudi kwenye kigoda. Akala polepole, uso ameuelekeza mlangoni, huenda kuna upenyo kwenye mbao, huenda anatazamwa. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, akafumbua kinywa wazi kuonyesha kwamba amemeza.

Mlango haukufunguka.